Taarab asilia haijafa, tunaizika hai

Kaa baraza yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar utaje taarab, na hautapita muda kabla mtu hajakwambia kwamba taarab ya kweli ilikwisha zamani. Wapo wanaosema iliondoka na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, hadi kwa Siti binti Saad. Kilichobaki, kwa maneno yao, ni makelele ya vinanda na mipasho, na kijana yeyote anayeingia studio na udi wake anachezea urithi wa wazee. Maneno haya husemwa kwa huzuni na heshima kubwa, ndiyo maana watu huona haya kuyabishia. Mimi nayabishia.

Tuanze na huyo Siti. Mwaka 1928 alipanda meli na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri wakati ule ilikuwa ndiyo mambo mapya yenyewe. Binti wa shamba, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaingia mjini kuimba kwa Kiswahili muziki ambao kasri la Sultani lilizoea kuusikia kwa Kiarabu. Waliojiona wajuzi walimkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Na aliimba nini? Aliimba habari za mji. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam: muuaji akatoroka, mashahidi wakaishia kufungwa. Waliousikia mara ya kwanza waliijua kesi, waliwajua wahusika, na pengine walimjua hakimu. Leo wimbo huohuo unapigwa polepole kwenye bustani ya hoteli, mgeni anakunywa juisi, na hakuna hata mtu mmoja wa kuudhika. Hivyo ndivyo tunavyomuenzi!

Ala nazo ni hadithi ileile. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kilifuata mitindo ya Misri. Ala ya kanuni ilitoka huko. Fidla na akodiani ni za Wazungu. Karibu kila ala tunayoitetea leo ilishuka bandarini ikiwa ngeni, ikaoa hapahapa, na wajukuu wake ndio wanaoitwa asilia.

Kuna lalamiko moja la wazee ambalo silipuuzi. Mtazame mpiga kanuni akiwa kazini: pete kwenye vidole vya shahada, kipande cha kudonolea kimebanwa chini ya kila pete, nyuzi zaidi ya 70 mapajani. Katikati ya wimbo mkono wa kushoto unachomoka, unainua vijichuma vilivyopangwa pembeni mwa nyuzi na kurudi kudonoa, na sauti imeshahama nusu ya nusu. Maqamu, yaani ngazi za sauti, ya bayati na rasti yanaishi humo. Kinanda kilichoachwa kama kilivyotoka dukani hakina sauti hizo, na mwimbaji anayekifuata huzipoteza pasipo kujijua. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kukirekebisha kinanda na kumfundisha anayekipiga. Kufunga mlango wa studio hakurudishi hata sauti moja.

Wanaoingia studio nao wana kazi ya kuonyesha. Mwaka 2020 Siti Muharam, wa uzao wa Siti mwenyewe, alitoa albamu ya Siti of Unguja: nyimbo za mhenga wake huyo, na chini yake besi nzito za leo. Zipo sehemu ambazo besi hiyo inanizidi, nakiri, ila sauti yake haikumezwa. Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara wameirudisha kanuni mbele, karibu na ngoma za mitaani. Bara nako, Pendo na Leah Zawose, wanawake wa Kigogo waliotoka katika ukoo ambao wanaume ndio walisimama mbele, walitoa Maisha mwaka 2024. Humo wanapiga ilimba na zeze wenyewe, na ngoma ya muheme inakaa sawa na mitambo ya kisasa. Nani ameumia hapo?

Anayeua muziki huu ni yule anayedai anaupenda huku akitaka zilipendwa usiku kucha. Kikundi kikitangaza wimbo mpya, ukumbi unaanza kupiga soga. Mtunzi ataandika kwa ajili ya nani? Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kulea wapigaji wengi wa kizazi hiki, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kimekabiliwa na hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Sikusikia barazani kwetu mchango ukipitishwa. Na harusini, mwenye shughuli anaajiri mwimbaji wa plebaki na kompyuta yake, kisha anakaa kitako kusikitikia firka, yaani okestra, za zamani. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limeshika msimamo kwamba anayepanda jukwaani apige laivu. Msimamo huo umesaidia ala hizi kuliko hotuba zetu zote za utamaduni.

Basi ewe mpenzi wa taarab asilia, ukiwa na harusi mwaka huu ajiri wapigaji wa fidla na kanuni, walipe kabla hawajafungua masanduku yao, na uwaombe wakutungie wimbo ambao haujawahi kuimbwa.