Ati Nani Alimwandikia?

Mwaka jana msichana wa darasa langu hapa Kilifi aliandika mchezo wa kuchekesha: mjomba anauza shamba moja la mikorosho kwa watu watatu, na wote watatu wanafika kuvuna siku moja. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Baadaye mwamuzi mmoja akanivuta pembeni. "Mwalimu, sema kweli. Si umemwandikia wewe?"

Sikuandika hata nukta. Lakini swali hilo si geni. Lina zaidi ya miaka 2,100.

Roma ya kale ilikuwa na mtunzi wa vichekesho, Publius Terentius Afer. Hilo Afer maana yake Mwafrika. Wasifu wake wa kale unasema alizaliwa Carthage, Tunisia ya leo, akawa mtumwa wa seneta aliyemsomesha kisha akamwacha huru. Aliandika michezo sita, akafa angali kijana. Mahasidi wakavumisha kwamba wakubwa aliokaa nao ndio waliomtungia. Majina ya Scipio na Laelius yakatajwa.

Katika utangulizi wa Adelphoe, mwaka 160 kabla ya Kristo, hakukana waziwazi. Alisema tu kwamba kuwapendeza watu kama hao ni sifa kubwa kwake. Wako wanaolichukua jibu hilo kama ungamo. Jamani! Aliyekuwa mtumwa juzi awaambie wakubwa wa mji kwamba hawakumsaidia kitu? Muulize yeyote aliyefanya kazi kwenye hoteli za Malindi. Bosi akijisifu kwa kazi yako, unatabasamu, unasema ahsante.

Mtaniambia alichukua hadithi za Wagiriki. Ndiyo, michezo minne kati ya sita ilitoka kwa Menander. Plautus naye alichukua kwa Wagiriki, na Shakespeare akachukua kwa Plautus. Na huyo Shakespeare, mtoto wa fundi wa glavu, wapo hadi leo wanaodai aliandikiwa na bwana mkubwa fulani. Shida haijawahi kuwa wizi wa hadithi. Shida ni mtoto wa nani kashika kalamu.

Wala tusiwacheke Warumi. Nendeni Gede, hapo karibu na Watamu. James Kirkman aliyechimba magofu yale aliuita mji wa Waarabu kwenye jina la kitabu chake cha 1954. Ikabidi wanaakiolojia waliomfuata waje kutuambia kwamba mji wa Waswahili ulijengwa na Waswahili.

Terentius alishinda, lakini alikwisha kufa. Kwa karne nyingi watoto wa Ulaya walijifunza Kilatini kwa michezo yake. Mwanafunzi wangu hana karne za kungoja. Juzi kaniambia, "Mwalimu, safari hii nitaandika vibaya kidogo, ili waamini ni wangu."

Waheshimiwa waamuzi, hilo ndilo somo mnalofundisha.