Pete Ndogo, Sahani Ndogo



Siku ya Idi mkaza mwanangu aliangusha pete ya mahari yake ufuoni, pale watu wanapotandika mikeka. Kijana wa jirani akaja na mashine yake ya kutafutia vyuma, chini ya mpini ina sahani ya upana wa inchi 15. Alipita huku na huku hadi Alasiri. Mashine ililia kila hatua, na kila alichofukua kilikuwa kifuniko cha soda.

Sahani kubwa hufagia mahali papana na hufikia vitu vikubwa vilivyo chini sana. Lakini vitu vilivyokaribiana huvitolea mlio mmoja, na kitu kidogo kama pete hufichika humo. Palipojaa taka, sahani ya inchi 5 au 6 ndiyo hupambanua. Haifiki mbali chini, ila pete iliyoanguka leo haijazama. Kijana akabadilisha sahani, akapita polepole. Kabla ya Magharibi pete ikapatikana.

Pamoja nayo ilitoka bangili isiyo yetu. Hiyo ni luqata, yaani kiokotwa: aliyekiokota hukihifadhi na kukitangaza mwaka mzima. Basi tujue kwanza tunachokitafuta, ndipo tuchague chombo. Na tukipata cha mwenzetu, tumtafute mwenyewe kwa bidii ile ile tuliyoitafutia pete.

Aliyepotelewa na bangili na afike msikitini, aeleze alama zake, apewe amana yake. Wallahu aalam.