Makao Makuu Hayaivishi Ndizi

Kila nikipanda matatu ya Kisii kwenda Keroka, sikosi mzee wa kunieleza kwamba shida yetu ni makao makuu. Ati Keroka ingepewa gavana wake, tungeomoka. Wazee wangu nawaheshimu, lakini hapa wanatuuzia hewa.

Chuo sikumaliza, karo ilinishinda, ila historia kidogo nilitoka nayo. Waingereza waliitawala Kenya kutoka Mombasa hadi 1905, wakafunga mafaili wakahamia Nairobi, kambi ya reli. Wajerumani walianzia Bagamoyo, na 1891 wakaenda Dar es Salaam, kwenye kina cha kutosha meli kubwa. Uganda ilitawaliwa kutoka Entebbe. Uhuru ulipofika 1962, Kampala ikawa mji mkuu.

Sasa itazame miji hiyo. Mombasa haikufa, kwa sababu bandari ilibaki. Entebbe ina uwanja wa ndege. Bagamoyo, biashara ilipoifuata serikali Dar, ilibaki na kuta za zamani. Ofisi huhama. Bandari haihami.

Hata sisi tunaijua hadithi hii. Waingereza walifungua ofisi Getembe mwaka wa 1907, na mji wa Kisii ukawa makao ya wilaya iliyofika hadi ziwani. Wilaya ikakatwa, ikakatwa tena. Miaka ya 1980 Nyamira ikatoka, kisha katiba ya 2010 ikatupa kaunti mbili. Kila mkato ulileta bendera, gari kubwa na askari wa kufungua geti. Leo kaunti zote mbili zinaidai Keroka, na tusidanganyane: wanapigania ushuru.

Najua mtasema makao makuu huleta mishahara na wapangaji. Kweli, bana. Lakini shangazi yangu anauza ndizi katika soko moja nisilolitaja, maana yanafanana. Mvua ikinyesha anafunika ndizi kwa nailoni, yeye analowa. Hajawahi kuniuliza gavana anakaa wapi. Huuliza choo cha soko kitafunguliwa lini.

Kwa hiyo mwanasiasa akija kukuahidi makao makuu, mdai paa la soko. Mdai barabara ambayo majani chai yatapita hata msimu wa mvua, na ghala la ndizi lenye baridi. Akishajenga hivyo, mwache ahamishe ofisi yake anakotaka.