Tiara Ikilala Kifudifudi, Wacha Kuvuta

Niseme mapema ndio tusipotezeane muda. Ushauri mbaya zaidi anaopewa mtu mwenye tiara ya kamba mbili ni neno moja tu: "Vuta!" Tiara imedondoka, imelala kifudifudi, uso kwenye nyasi, na ghafla kila msee uwanjani amekuwa mhandisi. Vuta! Kaza! Vuta kwa nguvu, wewe! Na wanaopiga kelele zaidi ni wale hawajawahi kushika hata kamba ya kuanika nguo.

Mimi nakataa. Nakataa juu ni uongo, na ni uongo wenye bei. Anayelipa bei hiyo si yule aliyepiga kelele.

Kwanza tuelewane ni kitu gani naongelea. Si ile tiara yetu ya utotoni, ya njiti mbili, juala, mkia wa kitambaa na uzi ulioibwa kwa cherehani ya mama. (Hiyo nayo ilipata pigo Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya. Marufuku ilikuwa sawa, sibishani. Lakini sijawahi kuona mtu mzima akiandika hata sentensi moja kuhusu watoto waliopoteza malighafi yao. Tuendelee.) Naongelea ile ya kucheza michezo angani: imekaa kama ncha ya mshale, kitambaa cha nailoni, fito za kaboni, na kamba mbili za mita 20 hadi 30, moja mkono huu, moja mkono ule. Vuta kulia, inageuka kulia. Vuta kushoto, inageuka kushoto. Ukijua kuicheza inachora duara, inashuka kama mwewe na kusimama kiganja kimoja kutoka ardhini.

Na kabla useme ni mchezo wa watoto, tiara inayoendeshwa kwa kamba mbili ilitumiwa na jeshi la wanamaji la Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Jamaa anaitwa Paul Garber aliitengeneza iwe shabaha: wanaichorea ndege ya adui, mmoja anaizungusha angani, wengine wanajifunza kulenga. Kisha mwaka wa 1972 Mwingereza, Peter Powell, akatoa yake ya kuuzwa kwa raia, na mchezo ukashika. Kwa hivyo hii maneno ina miaka. Ina mbinu. Si kila mtu ajiamulie tu.

Sasa tufike pale panaponiuma. Hao wasee wa "vuta" hawajatoa hiyo kitu hewani. Wameona mahali. Wameona tiara iliyolala chali, pua ikielekea mbali na mwenyewe, ncha za mabawa zikiwa upande wake, na jamaa akapiga hatua nyuma, akavuta kamba zote mbili, ikaruka. Kweli kabisa, hiyo inafanya kazi. Ikiwa chali, hatamu, yaani zile kamba fupi zinazoshika fito kwa mbele, iko juu. Ukivuta, unainua pua. Pua ikiinuka, upepo unajaza kitambaa, na safari imeanza. Hata asubuhi ukiipanga vizuri kabla ya kurusha, unaipanga karibu hivyo hivyo.

Lakini kifudifudi si chali! Ni kinyume chake, na ndio maana lugha imetupatia maneno mawili. Kifudifudi, hatamu iko chini ya tumbo, imebanwa. Pua mara nyingi imejichimbia, juu kwa kawaida imeanguka kichwa kikiwa mbele. Ukivuta hapo, hauinui chochote. Unaisukuma ile pua ndani zaidi. Nguvu yako yote, pamoja na ya upepo unaotoka mgongoni mwako, inakutana kwa fito ya mbele, na kaboni haina tabia ya mbao. Mbao inalia kwanza, inakuonya. Kaboni inakaa kimya, kimya, kimya, halafu paa! Imepasuka nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa.

Nimeona hiyo kwa macho yangu Jumapili moja uwanjani. Kijana wa miaka kama 15, tiara ya kuazimwa, kaka yake mkubwa anapiga mayowe nyuma yake, "Kaza mkono, kwani huli?" Akakaza. Fito ikaenda. Sura ya yule kijana sitaieleza. Kaka alisema tu hizi vitu za nje ni duni, akaenda kununua miwa. Na hapa kwetu fito ya kaboni haipatikani kwa duka la pembeni. Unaagiza, unalipa usafiri, unangoja. Wengi hawangoji. Tiara inaingia chini ya kitanda na mchezo unaishia hapo.

Basi unafanya nini? Unatembea mbele. Ndiyo, kuelekea tiara, hatua mbili tatu. Najua mwili unakataa, juu mwili unadhani kusaidia ni kukaza. Lakini kamba zikilegea, ile nguvu inayobana pua inaachilia, na hapo ndipo unaweza kuangalia imelalaje. Na ukiwa na akili ya haraka, unaanza kutembea mbele hata kabla haijagusa chini: ukiona inakuja kujigonga na huwezi kuigeuza, rusha mikono mbele na uikimbilie. Itaanguka polepole zaidi. Hiyo peke yake imeokoa fito nyingi kuliko gundi yoyote.

Halafu angalia. Kama pua inaelekea mbali nawe na mkia wa kitambaa uko upande wako, una bahati, juu upepo unapita kutoka kwako kwenda kwake na utaingia chini ya ule ukingo. Shikilia kamba zote mbili kwa upole, usivute, shikilia tu isipeperuke, na ngoja. Nyuma itaanza kuinuka. Itasimama kwa pua au kwa ubavu, tumbo likikuangalia, inatetemeka kama mtoto anayejifunza kusimama. Hapo sasa ndipo kazi ya mkono mmoja inaanza: kamba moja unailegeza, nyingine unaivuta kidogo kidogo, huku ukitembea pembeni, ibingirike juu ya ubavu wake mpaka ncha zote mbili za mabawa zikae chini na pua iangalie juu. Kamba gani? Inategemea ubavu upi umelala. Ukivuta na ukaona inazidi kuzama, hiyo siyo. Legeza, jaribu nyingine. Hakuna aibu.

Kama kamba imejizungusha kwa ncha ya bawa, sahau hayo yote. Hakuna ujanja wa mbali utakaoitoa. Chomeka bisibisi ardhini, ning'iniza mikanda ya mkono hapo ili isikutoroke, enda uifungue kwa mkono wako. Mita 30 si safari. Na tafadhali usitume mtoto akimbilie tiara huku wewe umekaza kamba. Hizo kamba ni nyembamba, hazinyooki, na zikiwa na mvutano zinakata ngozi.

Ukitaka ushahidi kwamba kuvuta kwa nguvu si akili, shuka Diani. Wale wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa za kujazwa hewa, msimu wa kaskazi au kusi, wanaanguka kila saa. Tiara inalala na uso kwenye bahari. Huwezi kutembea uende uiinue, uko kwenye maji ya shingo. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hati miliki ya muundo huo mwaka wa 1984, na ule ukingo uliojaa hewa uliwekwa sababu hiyo hiyo: iweze kuelea na kuruka tena kutoka majini. Na wanairushaje? Wanavuta kamba moja ya pembeni, taratibu. Tiara inageuka kwa ubavu, upepo unaisogeza polepole hadi ukingoni mwa pale upepo unaposhika, halafu inapanda. Waambie hao "vuta zote kwa nguvu" uone watakavyokucheka.

Kuna hata watu waliojenga tiara nyingine kabisa. Ndugu wa familia ya Hadzicki, San Diego, mwisho wa miaka ya 1980, walitoa ya kamba nne. Hiyo inaruka kinyumenyume. Ikianguka pua chini, inarudi juu ikianza na mgongo. Hawakusema "ongeza nguvu". Waliongeza kamba.

Mbona basi hili halijulikani? Hapa nalaumu watu wa kazi yangu. Sisi watengeneza video tunakata hiyo sehemu. Tunaonyesha tiara hewani, muziki, machweo, tiara hewani tena. Dakika nne za kuanguka na kubingirisha zinaenda kwa pipa. Mtoto anaangalia, anadhani wengine hawaanguki. Yake inaanguka mara 11 kwa nusu saa ya kwanza (hiyo ni kawaida sana) na anaamua yeye ndiye ana shida. Kisha anageukia uwanja kuuliza, na uwanja unamjibu: vuta.

Na mtanisamehe, hiyo sauti naijua. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo, na mambo mengine ambayo si ya hapa. Tangu hapo, kila mtu aliyenizidi umri ana dawa moja: kaza. Mjomba, jirani, yule jamaa wa suti anayeuza tiketi za kongamano la kufanikiwa. Kaza, jikaze, ongeza bidii. Hakuna hata mmoja aliyekaribia kuangalia nimelala upande gani. Bidii ninayo, asanteni. Swali lilikuwa kamba gani, na hilo haliulizwi, juu kuliuliza kunahitaji kutembea hatua mbili mbele na kuangalia, na kupiga kelele ukiwa umesimama kando ni bure.

Wengine watasema, "Lakini mimi nilivuta na ikaruka." Sawa. Ulikuwa kwa mchanga laini, au upepo ulikuwa wa wazimu, au ilikuwa chali na hukuona tofauti. Siku fito itakapopasuka hutaleta hiyo hadithi.

Mahali pekee pa kukata tamaa mapema ni kwa nyaya za stima. Hapo usibingirishe, usivute, usitafute mti mrefu, usijaribu kuwa shujaa. Achilia na uondoke, hata kama ni ya kuazimwa.

Jumapili niko uwanjani kutoka saa tisa, upepo ukishaamka. Nimeleta kamera, na safari hii video ni ya kuanguka tupu, mwanzo hadi mwisho, bila muziki. Kama una tiara, njoo tuidondoshe. Kama huna, utashika yangu. Mwenye kutaka kusema "vuta" aje pia, lakini atasimama hapo mbele, ashike kamba mwenyewe.