Viwanda bila Korosho, Korosho bila Viwanda



Yako mambo mawili ambayo kila mwana-Chama wa Mtwara na Lindi ayajua, ila ni nadra kuyasikia yakisemwa pamoja. La kwanza: zamani Serikali yetu ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, na vilipokwisha kujengwa, korosho zenyewe zilikuwa zimetoweka. La pili: leo korosho zipo tele, na vingi vya viwanda hivyo vimelala. Mgeni akiyasikia haya atadhani twafanya mzaha. Hatufanyi mzaha. Katika mambo hayo mawili imo habari nzima ya viwanda vya nchi yetu, jinsi vilivyoinuka na jinsi vilivyoanguka, na twataka kuisema leo bila kumwonea mtu haya, hata sisi wenyewe.

Tuanze tulikotoka. Mkoloni alitaka mazao, hakutaka viwanda. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893, na baadaye nchi yetu ikawa miongoni mwa wakulima wakubwa kabisa wa mkonge duniani. Lakini ilipakiwa melini singa, ikarudi kamba. Katika miaka ya 1930 palikuwapo hapa kiwanda cha kusokota kamba za mkonge, na kamba zake zikaanza kuuzwa Uingereza. Wenye viwanda vya kamba wa huko wakapiga kelele, na serikali yao ikawasikiliza. Kamba zetu zikazibiwa njia kwa ushuru, na kiwanda kikafa. Hatukuambiwa kwamba kamba zetu ni mbaya. Kosa letu lilikuwa kusokota. Na viwanda vilivyoruhusiwa katika Afrika Mashariki vingi viliwekwa Kenya, sisi tukawa wanunuzi.

Kwa hiyo, bendera yetu ilipopanda tarehe 9 Desemba 1961, viwanda vyetu vilikuwa vya kuhesabika. Tukaazimia kuiondoa aibu hiyo, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tuliiondoa kwa kasi. Ubungo, mwaka 1968, kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kwa msaada wa ndugu zetu wa China. Mwanza pakasimama Mwatex. Arusha tukatengeneza matairi, Tanga tukatengeneza mbolea, na pale pale Ubungo tukafua majembe yetu wenyewe. Mwaka 1975 tukatangaza mpango wa viwanda vya msingi, vya chuma, karatasi na vinginevyo, ili viwanda vizae viwanda. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1970, viwanda vilikuwa vikitoa kama moja ya kumi ya pato la taifa. Mama wa Kitanzania alijifunga khanga iliyotokana na pamba ya Usukuma, ikafumwa na kupigwa chapa na mikono ya Watanzania. Asitokee mtu leo akatuambia kwamba tulikuwa tukiota ndoto. Vitu vilionekana, na watu walivivaa.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa; na chombo chetu, pamoja na uzuri wake, kilikuwa na ufa chini ya maji. Mashine ilitoka China au Ulaya. Rangi ya khanga ilitoka nje. Vipuri vilitoka nje, na mafuta ya kuendeshea mitambo yalitoka Uarabuni. Kila kimoja kati ya hivyo kilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazichapwi Dar es Salaam. Zilitoka wapi? Zilitoka katika kahawa, pamba, mkonge, chai na korosho. Yaani zilitoka kwa mkulima. Mtambo wa Ubungo uliendeshwa na jembe la Newala. Hilo ndilo jambo tulilolisahau, na kulisahau kwetu ndiko kulikotuangusha.

Twasema tulilisahau, ijapokuwa Azimio lenyewe lilituonya kwamba msingi wa maendeleo ni kilimo, na mwaka 1972 tukatangaza kule Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Midomo ilisema kilimo, lakini mkulima alilipwa nini? Katika miaka ya 1970 sehemu yake katika bei ya mazao ilizidi kupungua, kwa kuwa kati yake na soko la nje palikuwa na mamlaka za mazao, nazo zilikuwa na maofisi, magari na mishahara. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, alivyovijenga mkulima mwenyewe tangu enzi za ukoloni, vikavunjwa. Sisi ndio tuliovivunja. Tukaja kuvirudisha katika miaka ya 1980, lakini nyumba ikivunjwa kwa siku moja haijengwi kwa siku moja.

Tazama basi habari ya korosho. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna kama tani 145,000, tukawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa korosho duniani. Katika miaka hiyo hiyo ikaja operesheni ya vijiji. Nia yake ilikuwa njema, kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji; lakini mkorosho hauhami pamoja na mwenyewe. Watu wengi wakajikuta wako mbali na mikorosho yao. Majani yakaota chini yake, moto ukapita, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na bei haikumpa mtu moyo wa kutembea maili kadhaa kwenda kupalilia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakawa hayafiki tani 20,000.

Na ni wakati gani tulipokuwa tukijenga viwanda vya kubangua? Ni wakati huo huo! Kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia, na kwa mashine za Kitaliano na Kijapani, viwanda vikasimama Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Mtama, Lindi, Tunduru na kwingineko, hata vikafika 12 nchini, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mikono miwili ya Serikali moja ilikuwa ikifanya kazi mbili zisizojuana: mmoja ukijenga kiwanda, mwingine ukimtenga mkulima na mti wake. Chungu kikawa kikubwa, na mchele hamna. Lakini deni la chungu lililipwa.

Hatusemi kwamba hatukupigwa na walimwengu. Bei ya mafuta ilipanda mara nne katika muda mfupi tangu mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulitulazimisha kununua chakula nje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kwa mwaka 1978 na 1979 tulipigana vita vya kumng'oa nduli Amin, vita ambavyo hatukuvitaka na ambavyo gharama zake tulizibeba wenyewe. Mkonge nao, uliozidi tani 200,000 mwaka 1964, ulipigwa na kamba za nailoni na plastiki. Hayo yote ni kweli, na asiyeyataja si mkweli. Lakini anayeyataja hayo peke yake naye si mkweli. Mvua humnyea kila mtu. Anayelowa zaidi ni yule ambaye hakuezeka paa lake.

Basi mkulima alipopunguza kulima, fedha za kigeni zikapungua. Zilipopungua, vipuri havikuja. Na vipuri visipokuja mashine husimama hata iwe mpya. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, na vingine hata theluthi havikufika. Ndipo tukapanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni na kipande cha kitambaa. Na mkulima, ambaye hata akipata fedha hakuona dukani cha kununua, akazidi kuona kwamba hana sababu ya kulima zao la kuuza nje. Mduara ukafunga.

Mwaka 1986 tukapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti yake. Milango ikafunguliwa, bidhaa zikajaa madukani, nayo mitumba, ambayo wazee waliiita kafa ulaya, ikafurika sokoni. Tangu mwaka 1992 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Tuliambiwa kwamba kilichoviua viwanda ni kuwa mali ya umma, na kwamba vikipata mwenyewe vitafufuka. Viko vilivyofufuka, na tunavisifu. Lakini vingine vilinunuliwa kwa ajili ya kiwanja na mabati yake, mashine zikauzwa kwa kilo, na jengo likawa ghala. Miongoni mwa viwanda vya korosho wako wananchi wanaovijua kama maghala tu, ya kuwekea korosho ghafi zikingoja meli! Kiwanda cha matairi cha Arusha nacho kilisimama mwaka 2009. Baadaye Serikali ikaanza kuvitwaa vile ambavyo wanunuzi waliviacha vilale; lakini kukitwaa kiwanda kilicholala si kukiamsha.

Sasa tufike leo. Mkulima wa korosho amefufuka. Bei ilipoanza kuwa na maana, akarudi kwenye mkorosho wake. Akapata salfa ya kuupulizia dhidi ya ubwiriunga. Tangu mwaka 2007 ukaja utaratibu wa stakabadhi ghalani, wa kuuza kwa mnada kupitia ushirika. Una matatizo yake, nasi tumeyasema mara nyingi. Lakini mavuno yamesema pia. Msimu wa 2017/18 mkulima huyu alivuna zaidi ya tani 300,000, yaani zaidi ya maradufu ya ule mwaka wa sifa wa 1973/74. Hii ndiyo hoja yetu kubwa: mkulima hakushindwa kamwe. Alipolipwa alilima, na alipopunjwa aliacha.

Lakini sehemu kubwa ya korosho hizo huondoka ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam. Inahitaji kama kilo nne au tano za korosho ghafi kupata kilo moja iliyobanguliwa. Basi twasafirisha maganda kuvuka bahari, na pamoja na maganda twasafirisha kazi. Binti wa Tandahimba ambaye angebangua hapa anakaa barazani, na kazi yake inafanywa na mwenzake asiyemjua.

Kwa nini? Si kwa sababu hatuwezi kubangua. Korosho huvunwa kwa miezi michache, na mwenye kiwanda hana budi kununua katika msimu huo korosho za kumtosha mwaka mzima. Huhitaji fedha nyingi kwa mara moja. Akikopa hapa, riba humla kabla hajabangua gunia la kwanza. Na mnadani anakutana na mnunuzi aliyekopa nje kwa riba nafuu. Atashindaje? Isitoshe, mashine yake bado yatoka nje, kama ile ya Ubungo mwaka 1968. Vietnam ilijifunza kuunda mashine zake yenyewe za kubangua, na leo hununua korosho za Afrika kuzilisha mashine hizo. Huko ndiko kujitegemea tulikokuhubiri sisi na kutendwa na wengine.

Kwa hiyo gazeti hili linasema mambo manne.

Kwanza, mkulima asiguswe. Akitokea mtu akashauri kwamba korosho zinunuliwe kwa bei ya chini ili viwanda vipate nafuu, wana-Chama wamkatalie mchana kweupe. Njia hiyo tumekwisha kuipita na twajua inakoishia.

Pili, kiwanda cha kubangua kilichopo nchini kipewe mkopo wa msimu wenye riba ya kuweza kulipika, na kipate nafasi ya kununua kabla ya meli. Ushuru unaotozwa korosho ghafi usaidie kazi hiyo, usipotelee njiani.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi na karakana zetu vipewe kazi ya kuunda mashine ndogo na vipuri. Kiwanda ambacho kikivunjika msumari chapiga simu ng'ambo si chetu, hata kama bendera yetu yapepea juu yake.

Nne, kila kiwanda kilichouzwa kitolewe hesabu hadharani: nani alikinunua, aliahidi nini, ametimiza nini. Mali bila daftari huisha bila habari. Matawi yetu ya Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani yasingoje tume. Kila tawi liulize katika mkutano wake ujao: kiwanda chetu kina nini ndani?

Baada ya miaka zaidi ya 60 ya Uhuru, sehemu ya viwanda katika pato la taifa haijavuka ile moja ya kumi ya miaka ya 1970. Tuliwahi kujenga viwanda tukamsahau mkulima, vikafa kwa njaa. Leo tunaye mkulima, na tukivisahau viwanda atabaki kuwa mchukuzi wa mali ya wengine, kama babu yake aliyekata mkonge. Shamba na kiwanda ni ndugu wa tumbo moja. Tumekwisha kujaribu kumlea mmoja mmoja, tumeona matokeo. Sasa tuwalee pamoja.

Uhuru na Kazi!