Ngoro na Tufe la Shaba

Wako wasomi wenzetu ambao, warejeapo kutoka Ulaya, huyasifu mno makumbusho ya vyuo vya huko. Lakini ukiwauliza kwa nini chuo chetu hakina chumba cha namna ile, hujibu upesi kwamba hatuna cha kuweka. Jibu hilo nalikataa, kwa kuwa nami nilikwenda nikaona.

Mjini Kraków, katika nchi ya Polandi, liko jengo liitwalo Collegium Maius, mali ya chuo kikuu kilichoasisiwa mwaka 1364. Humo limo tufe la anga la shaba, lililotengenezwa mwaka 1480, ambalo mjuzi wa nyota Marcin Bylica alikiachia chuo pamoja na vyombo vyake vingine vya kupimia. Wageni hunyamaza mbele yake. Lakini Bylica hakutoa kitu cha kutazamwa. Alitoa zana ya kazi. Makumbusho yalikuja baadaye sana.

Basi na tupande Umatengo. Katika milima ya Mbinga, penye miteremko ya kumchosha hata mbuzi, hulimwa ngoro. Mwezi wa Machi hivi, mwanamume hufyeka majani, akayalaza kwa mistari inayokatana, hata mlima ukafanana na wavu uliotandazwa. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo ule huyafunika majani. Maharagwe huota juu ya matuta, na msimu ufuatao mahindi. Majani huoza yakawa mbolea. Mvua ishukapo, kila shimo hupokea fungu lake, maji yasipate njia ya kukimbia na udongo. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwabana Wamatengo milimani, ikawapasa kulisha watu wengi kwa ardhi haba. Hiyo ni hesabu ya maji na mteremko. Aliyeibuni hakuacha jina kama Bylica. Je, ndiyo sababu twaiita desturi, si elimu?

Mpinzani mmoja asema shimo haliwekeki katika kabati la kioo. Kweli. Lakini Wamatengo wana neno ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio baina ya vijito, ambapo ukoo huishi na kulima. Chuo na kitunze ntambo mmoja, na mama mwenye jembe alipwe alipwavyo mwalimu. Mwingine asema ngoro zingali zalimwa, na makumbusho ni ya vitu vilivyokufa. Huyu simwelewi hata kidogo: tungoje zife ndipo tuziheshimu?

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto walizichunguza ngoro kwa bidii, nami nawashukuru. Walakini mengi niliyoyasoma ni ya Kiingereza. Mwenye shamba hawezi kuyasahihisha.

Ukishuka ziwani, mambo ni yale yale. Liuli imeingia vitabuni kwa sababu mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufuoni kutengenezwa. Siku moja ya ugomvi wa wageni! Na mvuvi wa ufuo ule ule, ambaye kila alfajiri huusoma upepo kabla ya kusukuma mtumbwi majini, hajaulizwa na chuo chochote nilichopitia asoma nini.