Mzee anatibiwa bure, ila kutembea ajitegemee

Najua nimepotea, zaidi ya wiki tatu sijaandika kitu hapa. Wengine mlidhani UE imenibana, wengine mkasema bumu limeingia jamaa kawasahau. Wala. Nilikuwa kiguu na njia kati ya hapa Malimbe na Mabatini kwa shangazi, tunamuuguza bibi. Leo nimepata kimbweta chenye kivuli, upepo wa ziwa unapiga, nikasema niandike kabla hasira hazijapoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yangu anaishi Ukerewe, ana miaka 74. Siku moja alfajiri aliamka akaanike dagaa, mguu wa kushoto ukagoma na mdomo ukaenda upande. Majirani wakaanza, eti upepo mbaya huo, apelekwe kwa fundi. Mjomba hakuwasikiliza. Alimkimbiza Nansio, na kesho yake wakapanda meli kuja huku Mwanza. Kiharusi. Presha ilikuwa juu sana na bibi hakuwahi kupimwa hata siku moja.

Hospitalini walimpokea vizuri, lazima niseme ukweli. Kuna dirisha la wazee, kuna lile bango la mpishe mzee apate huduma kwanza, na watu kweli walitupisha. Bibi ana kitambulisho cha matibabu ya wazee, kwa hiyo kitanda na kumwona daktari hatukulipa. Daktari wa mazoezi alikuja wodini mara mbili. Mara ya kwanza alimfundisha kukaa mwenyewe ukingoni mwa kitanda. Mara ya pili akamsimamisha. Bibi akasimama, jamani! Alinishika bega akasema, "Mume wangu, nitacheza harusi yako." (Kwetu bibi akimtania mjukuu wa kiume ndiyo hivyo, msishangae.)

Siku ya tisa akaruhusiwa. Tukaambiwa arudi mazoezi mara mbili kwa wiki, miezi mitatu, asikose. Nikaenda dirishani kuuliza utaratibu. Dada wa pale, kwa upole kabisa, akaniambia kile kitambulisho ni cha kumwona daktari na dawa zilizopo. Mazoezi tutalipia kila tukija. Na fimbo ya kutembelea tukanunue nje.

Sitaji hospitali, na sisemi kila mahali wanafanya hivyo. Yule dada hakutunga yeye huo utaratibu. Ila nilisimama pale kama mjinga. Yaani tumemtoa mtu kwenye kifo bure, halafu kumfundisha kutembea ndiyo iwe anasa?

Sasa sikilizeni kilichoniuma zaidi. Kwenye benchi la kusubiri mazoezi tulikaa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Kiharusi hicho hicho, upande huo huo. Yeye alitoa kadi ya bima, akaingia, akatoka. Hakulipa hata senti. Na ni haki yake, msinielewe vibaya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Mazoezi ya viungo yamo kwenye mafao yake, na mwanachama akistaafu mfuko unaendelea kumhudumia yeye na mwenza wake. Mwalimu alichangia miaka na miaka.

Lakini bibi naye alifanya kazi miaka na miaka. Kalima mihogo, kabeba ndoo za dagaa kutoka mwaloni, kalea watoto saba. Hakuna aliyempa hati ya mshahara, basi. Kodi alilipa kila aliponunua sabuni na mafuta ya taa. Uti wa mgongo na magoti ya akina mama wa pale ufukweni mnayajua. Kama kuna watu wanaohitaji daktari wa mazoezi uzeeni, ni hao.

Na kwenye karatasi serikali ilishakubali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee 2,507,568 nchi nzima. Si watu wachache wa kusahaulika kwenye kona. Shida ni neno "kutibiwa". Likitafsiriwa dirishani linakuwa daktari, kipimo, dawa. Mazoezi yanaonekana kama kitu cha ziada, sawa na kwenda kukandwa.

Turudi Mabatini. Mnaolijua Mwanza letu mnajua shangazi anaishi wapi. Juu mawe, chini mawe, nyumba imekaa katikati kama yai. Kushuka mpaka barabarani ni ngazi za mawe, na bibi hawezi ngazi. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa mimi na binamu tulimshusha mgongoni, kwa zamu. Daladala hawezi kupanda, lazima bajaji. Bajaji kwenda, bajaji kurudi, halafu malipo ya mazoezi. Bumu langu liliishia humo, na sijutii.

Halafu fikirieni angekuwa hana mtu mjini. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 ni safari 24. Kila safari ni mgonjwa na wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, yaani tiketi nne za meli. Jumla tiketi 96! Nani wa Ukerewe, au Ukara, anaweza hiyo? Wenzetu wa Sengerema angalau wamepata daraja la Kigongo-Busisi tangu Juni 2025, hawasubiri tena kivuko pale. Ila daraja halilipi nauli.

Tulimudu wiki nne. Ya tano hela ikakata, bibi mwenyewe akasema basi, nirudisheni kwangu nikafie nyumbani. Tukampandisha meli.

Juzi nilikuwa nabishana na mshikaji ninayeishi naye chumba kimoja. Yeye anasoma uchumi, kila kitu anakipigia hesabu. Akasema, "Bwana wee, nchi ina malaria, ina wajawazito, ina watoto njiti. Hela ya kumnyoosha bibi miguu itoke wapi? Na hata ukimnyoosha, kupona haponi."

Nilikasirika, lakini nimelifikiria, na nataka nimjibu hapa mbele yenu.

Kwanza la hela. Asiyefanyiwa mazoezi haachi kugharimu. Anabaki kitandani, anatoka vidonda vya mgongo, kifua kinajaa, anarudi wodini, na huko analazwa bure kwa kile kile kitambulisho. Serikali inalipa tu, ila inalipa kwa kuchelewa. Pale nyumbani pia kuna anayelipa. Kwetu ni binamu yangu wa miaka 16, aliyeanza kukosa shule ili amgeuze bibi. Hiyo gharama haimo kwenye kitabu chochote cha uchumi cha mshikaji wangu.

Pili la kupona. Wamarekani, pamoja na utajiri wao, walishagombana sana kwa hili. Bima ya serikali yao ya wazee, Medicare, iliwekewa kikomo cha malipo ya mazoezi kwa sheria ya 1997, dola 1,500 kwa mwaka. Kikomo kikawa kinaahirishwa na kurudishwa miaka 20, mpaka kilipofutwa Februari 2018. Na kulikuwa na tatizo jingine kama la mshikaji wangu: wazee walinyimwa malipo kwa sababu eti hawaonyeshi maendeleo. Wagonjwa wakaenda mahakamani, na makubaliano ya kesi ya Jimmo mwaka 2013 yakaweka wazi kwamba mzee asinyimwe huduma kwa sababu tu hatarajiwi kupona. Kumzuia asizidi kuharibika nako ni sababu halali.

Mimi sisemi tuige Marekani, mfuko wetu tunaujua. Nachosema ni kwamba kipimo cha "atapona au haponi" ni kipimo kibaya kwa mzee. Kwa bibi kipimo ni: anaweza kwenda chooni mwenyewe? Anaweza kujigeuza? Anashika kijiko? Heshima yote ya mtu iko hapo.

Sasa kuna nafasi, ndiyo maana naandika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, Rais akaisaini. Inataka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Kwa maoni yangu, mambo matatu yasiachwe.

Moja, mazoezi ya viungo yaandikwe kwa jina lake katika huduma za mzee anayelipiwa na serikali, na idadi itajwe: mara ngapi kwa mwaka baada ya kiharusi, mara ngapi kwa aliyevunjika nyonga. Fimbo na kigari cha kutembelea viwemo. Kisichoandikwa hakipo dirishani, nimejionea.

Mbili, huduma imfuate mzee. Wataalamu ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi zenye kipato kidogo na cha kati hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo kadi peke yake, bila mtu wa kuifanyia kazi huko visiwani, itakuwa pambo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hao wafundishwe mazoezi machache ya kiharusi na ya magoti, na daktari wa mazoezi wa wilaya apange siku ya kuzunguka vituo vya afya kuwasimamia. Hapo tiketi 96 zinaweza kugeuka mbili.

Tatu, mzee asiombwe athibitishe umaskini. Zanzibar walipoanza pensheni ya wazee Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, waliangalia umri tu, miaka 70. Hawakuuliza mwanao anafanya kazi wapi. Ukianza kuuliza nani ana uwezo, mzee anazungushwa ofisi tatu kwa mguu ambao hautembei.

Mshikaji atasema naota. Sawa. Ila wadau, wengi wetu hapa ndani ya miaka michache tutakuwa maafisa wa halmashauri, walimu, waandishi wa habari, wengine wahasibu wa hizo hizo hospitali. Kuna mmoja wetu atakuja kukaa kwenye lile dirisha. Nawaomba tusiwe watu wa kusema "ndivyo ilivyo".

Wakati tunasubiri, shikeni haya mawili niliyofundishwa na daktari wa mazoezi, yatamsaidia mtu. Usimwinue mgonjwa wa kiharusi kwa kumvuta mkono uliolegea, bega linachomoka kirahisi. Na anayelala tu ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Bibi? Yupo. Kabla ya meli kuondoka nilimwandikia binamu mazoezi yote kwenye daftari, na michoro yangu mibaya ile mnayoijua. Mkono wa kushoto umeanza kukakamaa, na sidhani kama utafunguka tena. Mguu una nafuu. Jana usiku nilipiga simu, akanijulisha kwamba amesimama mlangoni ameshika fremu, akahesabu mpaka ishirini. Nikamuuliza je, harusi? Akasema, "Nitacheza nimekaa, mume wangu."

Nimelia kidogo, sioni aibu kusema.

Haya, maoni yenu jamani, hasa nyie wa afya wa kule Bugando. Nikikosea mahali nirekebisheni. Jumatatu nina mtihani na sijagusa kitabu. Nawasilisha.